Mwezi wa Filamu Kisenyi

Kwa miaka mingi nimekula jasho la sauti yangu: natafsiri filamu papo kwa papo katika kibanda cha video Kisenyi, Kampala, jirani na soko la Owino. Wenzangu wanaotafsiri kwa Kiganda huitwa VJ. Mimi hutumia Kiswahili, kwani wateja wangu wengi ni Wakongo na Wasomali, pamoja na vijana wa mashine za kusaga mahindi, ambao huingia na unga mpaka kwenye nyusi. Anayesema badala ya wahusika usiku hadi usiku huwajua kwa ndani, na mimi filamu naipima kwa jambo moja: je, imewapa heshima watu inaowaonyesha?

Mwezi mmoja mwenye kibanda aliniachia nichague mwenyewe, nikachanganya za kila namna.

Sholay ya mwaka 1975 inapita saa tatu na haichoshi. Urafiki wa Jai na Veeru, yaani Amitabh Bachchan na Dharmendra, hauhitaji mkalimani. Mara kadhaa nilinyamaza na hakuna aliyelalamika.

Captain Phillips ya 2013 ilijaza mabenchi. Maharamia walipozungumza Kisomali, nusu ya kibanda ilikuwa imeshaitikia kabla sijafungua kinywa. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, aliteuliwa kuwania Oscar kwa filamu hiyo, na alistahili. Lakini nahodha tunamkuta nyumbani kwake, akiwa na mkewe. Muse, kiongozi wa maharamia anayeigizwa na Abdi, anapewa dakika chache za ufukweni, kisha bunduki. Filamu imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, ila haki ndani yake imepunjwa.

Who Killed Captain Alex? ya 2010 ni ya hapahapa Kampala. Isaac Nabwana aliitengenezea Wakaliga kwa fedha anazosema hazikufika dola 200, na sauti ya VJ Emmie imo ndani ya filamu yenyewe. Naipenda kwa moyo wote. Vijana waliotoka pale walitoka wakiamini kwamba filamu inaweza kuzaliwa mtaani kwao.

Katwe ni mtaa wa pili tu kutoka kwetu, kwa hiyo Queen of Katwe ya 2016 tuliitazama kama watu wa nyumbani. Mira Nair anaijua Kampala. Maji ya mvua yalipoivamia nyumba ya kina Phiona, binti mcheza chesi ambaye filamu inamhusu, hapakuwa na la kuwaeleza wakazi wa bondeni. Lupita Nyong'o, kama mama anayepigania wanawe, ndiye nguzo ya filamu ile.

Iliyonishinda nguvu ni The Gravedigger's Wife ya Khadar Ayderus Ahmed. Guled ni mchimba makaburi mjini Djibouti. Yeye na wenzake huketi nje ya hospitali, sepetu mkononi, wakingoja maiti ili wapate kibarua. Mkewe Nasra anaugua figo, na upasuaji unahitaji dola 5,000. Mkono unaoishi kwa vifo vya watu sasa unatafuta uhai wa mtu mmoja. Nilipoanza kuwatafsiria Wakongo, mzee mmoja wa Kisomali aliinua kiganja: "Mwanangu, hapa sema polepole." Nikashusha kipaza sauti, nikasema kwa sauti ya chini hadi mwisho. Wasomali wale wale niliowaona wakiwa maharamia, hapa walikuwa waume, wake na wazazi, wanaocheka na kudaiwa. Mwaka 2021 filamu hiyo ilitwaa Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO kule Ouagadougou. Kwangu mimi ndiyo bora ya mwezi ule.

Nanyi wenye vibanda, nawaomba: katikati ya filamu za ngumi na risasi, tengeni usiku mmoja kwa filamu kama hii. Watazamaji wenu si watu wa kelele tu. Wapeni nafasi ya kujiona, nao watarudi.