Mafua niliyotoka nayo hosteli

Najua nimepotea, wengine mmeniuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, nilikuwa nauguza.

Mpwa wangu wa miaka mitatu alishikwa na homa, siku ya sita bado haijashuka. Zahanati ya kwanza walipima malaria, hakuna. Ya pili wakasema surua, na mtoto kachanjwa! Macho mekundu bila tongotongo, midomo imepasuka, viganja vimevimba. Siku ya saba tukafika hospitali kubwa, daktari akamwangalia, akasema: Kawasaki.

Mimi nikawaza pikipiki. Kumbe ni jina la daktari wa Japani, Tomisaku Kawasaki, aliyemwona mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1961, na mwaka 1967 akaandika habari za watoto 50. Kinga ya mwili inashambulia mishipa ya damu, hasa ile inayolisha moyo. Wasipotibiwa, karibu mtoto 1 kati ya 4 mishipa hiyo hutanuka. Dawa ni kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya wachangiaji wengi, huwekwa kwa dripu, na inatakiwa ndani ya siku 10. Bei msiulize. Shemeji kauza pikipiki yake, bumu langu nalo likaenda humo humo. Siku ya tisa dawa ikaingia.

Sasa kilichoniuma. Daktari aliuliza kama mtoto aliugua mafua karibuni. Dada akanitazama. Mimi ndiye niliyetoka na mafua chuoni, nikalala na mtoto kitanda kimoja wikiendi nzima.

Nikamfuata daktari koridoni. Akasema virusi vingi vimeshukiwa, hakuna hata kimoja kilichothibitishwa. Inaaminika maambukizi ya kawaida tu huichokoza kinga ikapitiliza, kwa watoto wachache waliorithi hali hiyo. Mwaka 2020, Japani walipofunga shule na kuvaa barakoa, wagonjwa wa Kawasaki walipungua.

"Hayo mafua yako yalipita kwa watoto wangapi pale nyumbani?"

Nikahesabu wanne. Watatu wanacheza mpira.

Dada hajasema kitu mpaka leo. Homa imeshuka, ngozi ya vidole inabambuka, anameza aspirini kidogo kila siku huku tukisubiri kipimo cha moyo. Juzi kanipigia: "Anko, njoo." Jumatatu nina testi ya Saikolojia ya Elimu, desa sijaligusa, na tangu jana pua inaniwasha. Nimemwambia nitakuja ikiacha.