"Moshi" uliotoka ndani ya Corolla

Wiki hii naomba unipe sikio, nina la moyoni.

Mwaka 2004 mjomba alinunua Corolla iliyotumika Japani. Ikashushwa bandarini Dar na redio yake inayoongea Kijapani, na ndani ya redio kuna sidii imesahaulika. Mjomba alitaka kuitupa. Nikamwambia, "Mjomba, hiyo niachie mimi."

Asikwambie mtu, nilidata! Gitaa linachapa cha! cha! cha! kama rege iliyokunywa kahawa, ngoma zinakimbizana, halafu katikati jamaa wanapuliza tarumbeta na tromboni. Mimi ni mpuliza tarumbeta wa maharusini, nikajua hawa ni ndugu zangu. Juu ya sidii imeandikwa Kemuri. Kwa Kijapani maana yake ni moshi (siyo Moshi ya Kilimanjaro, Wachaga tulieni).

Nikasaka habari zao. Bendi ilianza 1995, mwimbaji Fumio Ito, na sidii yangu ndiyo albamu yao ya kwanza, Little Playmate, ya 1997. Muziki wenyewe ni ska-panki: ska ya Jamaika, mama yake rege, imechanganywa na panki, yaani roki ya fujo na mwendo kasi. Sana sana wanaimba Kiingereza, na kaulimbiu yao ni P.M.A., kuwaza mazuri hata mambo yakiharibika. Hapo nilicheka. Maneno ya kanga hayo, nani hawezi kuyasema?

Kumbe wenzangu yaliwafika. Mwaka 2003 wakiwa ziarani Marekani, ajali ya barabarani ilimuua Ryosuke Morimura, mpuliza tromboni wao. Waliendelea kupiga mpaka 2007, ndipo wakavunja bendi.

Mwaka 2013 yakatufika na sisi. Mshikaji wetu wa tromboni alitoka harusini usiku kwa bodaboda, hakufika kwake. Tulimzika Jumatano. Jumamosi kuna harusi, na kishika uzito tulishakula. Kiongozi wetu akasema tunakwenda. Nilimwona hana utu hata kidogo! Nikamtolea maneno mbele ya watu, nikaondoka na tarumbeta langu, nikaliweka juu ya kabati.

Miezi minane sikupuliza. Nilichofanya ni kuisikiliza ile sidii, hasa tromboni. Nikawa najiuliza, hawa watu walipandaje jukwaani tena baada ya 2003? Sidhani kama ni zile herufi tatu. Na mwaka 2012 walirudi, kwenye tamasha la Air Jam lililoandaliwa na bendi ya Hi-Standard huko Miyagi, mkoa uliopigwa na tetemeko na tsunami mwezi Machi 2011. Watu wa pale walikuwa wamezika wangapi? Na bado walikwenda kuruka na matarumbeta.

Jioni moja nikajikaza, nikaenda kwa kiongozi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekonda, wewe."

Nikamuuliza siku ile ya Jumamosi alimpata nani wa kupuliza tromboni. Akanitazama kama mjinga. "Nani? Hatukutafuta mtu. Ikifika sehemu yake tunanyamaza, inabaki ngoma tupu. Bwana harusi alidhani ndiyo staili."

Akainama, akavuta tromboni ya marehemu kutoka uvunguni, imefungwa kwenye shuka. Hakuiuza.

"Jumamosi tunaanzia Temeke, saa nane mchana," akasema. "Usichelewe kama kawaida yako."

Lile tarumbeta lilikuwa limejaa vumbi, acha tu.