Kabla hujauza kiwanja cha Chanika

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na makonda wa Mbagala Rangi Tatu waliokuwa wanapiga kelele nyuma yako. Unauliza kama ukasome shahada ya uzamivu ya biashara, na kama ni bora uje huku Uholanzi. Umesema pia kwamba mteja wa kiwanja chenu cha Chanika ameshapatikana. Kwa hilo nimeona nisingoje wikiendi kukujibu. Usiuze.

Kusoma sijakukataza. Nakukataza kujilipia. Huku mtu anayesoma uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo: ana mkataba wa takribani miaka 4, mshahara, likizo na mchango wa pensheni. Nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote, watu wanaomba na kufanyiwa usaili. Denmark, Sweden na Norway nako utaratibu unafanana na huu. Marekani, vyuo vikubwa vya biashara huwasamehe ada wanafunzi wao wa uzamivu na kuwapa posho, ila miaka ya mwanzo utakaa darasani na kupita kwenye mtihani mzito kabla hujagusa utafiti wako.

Lakini kuna mlango mwingine, wa mtafiti anayejigharimia, na wengi wetu tunaingilia huo kwa sababu hakuna aliyetueleza habari za ule wa kwanza. Namfahamu Mtanzania mwenzetu aliyeuza shamba akaja. Mchana anasoma, usiku anaosha vyombo mgahawani, na msimamizi wake anamwona mara chache. Miaka inakwenda, tasnifu haijafika popote, na nyumbani wanaamini yuko karibu kuvaa joho. Nikimfikiria, roho inaniuma.

Sasa nikueleze nilichokiona nilipoalikwa kwenye utetezi wa tasnifu ya kijana mmoja wa kwetu. Hapa mambo hayo hufanywa hadharani. Maprofesa wanaingia na majoho yao, mtahiniwa anasimama mbele yao akiwa na wasaidizi wawili pembeni, na ndugu na majirani wanaketi kusikiliza. Muda ukitimia, anaingia ofisa mwenye fimbo ndefu, anatangaza kwa Kilatini kwamba saa imefika, na maswali yanakoma hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Profesa mmoja alimuuliza yule kijana kwa nini mfanyabiashara wa mchele amkopeshe tena mtu ambaye bado anamdai. Kijana akaweka karatasi zake mezani, akajibu bila kusoma. Alieleza misiba, ndoa za watoto, na kwamba anayemkatia mwenzake mkopo hupoteza na deni na mteja. Ukumbi ulitulia. Yale aliyajua kwa sababu alikaa sokoni na wenye mchele hadi wakamzoea.

Kwa swali lake hilo la kutoka nyumbani, nikaanza kumfikiria Profesa Marcellina Chijoriga, ambaye wengi sasa wanamjua kama mkuu wa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere pale Kibaha. Uzamivu wake aliuchukua Vienna, Austria, akaukamilisha 1997, na tasnifu yake ilihusu namna ya kuwapima wakopaji wa mabenki ya Tanzania. Kumbuka hali ya wakati ule. Sheria ya mabenki ya 1991 ilikuwa imefungulia milango mabenki binafsi, Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ilikuwa imeelemewa na mikopo isiyolipika, na mwaka huohuo wa 1997 ikagawanywa, ikazaliwa benki ya NMB. Mtu alisafiri na swali la kwao akaenda kulitafutia zana ughaibuni. Safari ya namna hiyo naiunga mkono kwa moyo wangu wote.

Na wewe swali unalo, ingawa nahisi hujalitambua. Wewe ni afisa mikopo. Mama mdogo ana genge Tandika, na kila jioni kijumbe anapita kuchukua elfu tano ya upatu, anatia alama kwenye daftari lake mbele ya jina. Mama mdogo amelipa hivyo miaka mingi, mvua ikinyesha na biashara ikilala. Akija dirishani kwako unamdai hati ya nyumba. Hana. Anarudi zake kwa watu wa mikopo ya kausha damu, na marejesho yanamla mtaji. Je, anayelipa upatu bila kukosa atalipa na mkopo wa benki bila kukosa? Lile daftari linaweza kupimwa likawa ushahidi? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitambua vikundi vya kijamii katika daraja la nne, kwa hiyo hata Benki Kuu ina sababu ya kutaka kujua. Mzungu wa hapa, hata awe hodari vipi, kijumbe hatamfungulia daftari.

Kwa swali kama hilo huhitaji kuhama. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Shule ya Biashara, iliyoanza 1979 kama kitivo. Chuo Kikuu Huria kiko Kinondoni, Barabara ya Kawawa, na kiliundwa kwa ajili ya watu wenye kazi kama wewe. Ukitaka kuonja huku, Wageningen wana mpango ambao sehemu ya masomo unafanyia kwao na utafiti unaufanyia nyumbani. Uingereza nako kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa aliyesajiliwa chuo cha nchini kwake, unaompa hadi miezi 12 huko.

Umetaja pia DBA, ile shahada ya udaktari wa uongozi wa biashara. Hiyo inawafaa mameneja wanaotafiti tatizo la kazini kwao bila kuacha kazi. Wewe umesema unataka kufundisha chuo kikuu, na kwetu mwenye uzamili anakwama kwenye uhadhiri msaidizi, kwa hiyo uzamivu utakufaa zaidi. Na chuo chochote cha mtandaoni kikikutumia barua ya kukupokea siku mbili baada ya kuomba, pita kwanza Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) uulize kama wanakitambua.

Jumamosi nenda Tandika na mama mdogo, umwombe kijumbe akuruhusu kusoma daftari lake, majina yakifichwa. Akikataa, andika alivyokataa na sababu aliyotoa. Kisha nitumie ukurasa mmoja wa swali lako, kwa Kiswahili. Nitautafsiri mwenyewe na kumpelekea profesa ninayemfahamu hapa, na wewe nakala uipeleke Mlimani na Kawawa mwezi huuhuu.

Dada yako,
Utrecht