Kunguru wa Ukonga

Mtu akitoka Dar es Salaam mjini kwa barabara ya Julius Nyerere, ile iliyoitwa zamani Barabara ya Pugu, hupita uwanja wa ndege, na punde amefika Ukonga. Nilikwenda huko kuwajulia hali dada yangu na mumewe. Nyumba zimesongamana, lakini watu bado wafuga kuku.

Nilimkuta shemeji amenuna. Binti yake amechaguliwa kusoma elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani. “Shemeji, mimi nilitaka awe daktari. Ada yote hii, ili akahesabu ndege?”

Mara kunguru akashuka uani, akanyakua kifaranga, akapaa naye mwembeni. Dada akapiga kelele: huyo alikuwa wa nne wiki ile.

“Mjomba, mtazame vizuri,” akasema binti. “Shingo yake ni ya kijivu. Kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe. Huyu ni ndege wa Bara Hindi, aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale takataka, na baadaye akaenea pwani yote.”

Kumbe tulimwalika wenyewe! Akaendelea kueleza kwamba kunguru huyu haishi mbali na watu. Palipo na jalala wazi, ndipo azaapo kwa wingi. Akatuonyesha mwingine ukutani, mdomo wazi kwa jua la saa saba. Ndege hatoki jasho, basi hupunguza joto kwa kuhema. Nimewaona hivyo miaka mingi, nikidhani wana kiu tu.

Lakini lililomwamsha shemeji ni habari ya mtego, ambao umewahi kutumika hapo hapo Dar es Salaam. Ni kizimba kikubwa cha wavu, chenye uwazi mwembamba juu. Ndani huwekwa chakula, maji, na kunguru mmoja hai. Wenzake wakimwona anakula kwa amani, hufunga mabawa na kujitumbukiza. Kutoka hawawezi, maana pale juu hapana nafasi ya kukunjua bawa. Aliyeubuni alijua kwamba kunguru humwamini kunguru mwenziwe.

Shemeji alinyamaza kitambo. Kisha akamwuliza bintiye huo wavu ni wa matundu makubwa kiasi gani, akatafuta kofia yake, nasi tukatoka kwenda dukani.