Maneno 800 Kuhusu Uzi

Mwaka juzi niliandika makala ya maneno 800 kuhusu faida za uzi wa meno. Mteja alikuwa kliniki moja huko Marekani, malipo yalikuwa senti kwa neno, na mimi sikuwa nimewahi kuushika huo uzi maishani. Niliandika kwamba mswaki hauingii katikati ya meno. Kwamba chakula kikibaki pale, bakteria hula sukari, hutoa asidi, na asidi hutoboa jino polepole. Niliandika "anza leo." Nikatuma, nikalipwa, nikanunua bando.

Si ati sikujali meno. Niliyajali sana, ila yale ya mbele. Nimekulia Nakuru, na kama wewe pia ni wa huko unajua: maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na ukiyanywa utotoni meno yanatoka na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Nikiwa chuo, kabla niache, jamaa mmoja aliniuliza kama huwa napiga mswaki. Aliuliza kwa huruma, ndiyo mbaya zaidi. Tangu siku hiyo nilisugua hadi fizi zikauma, na kwa picha nacheka mdomo umefungwa. Kumbe napigana na doa, na kuoza kunaendelea nyuma, katikati ya magego mawili, mahali hakuna mtu angewahi kuona.

Maumivu yalikuja usiku. Karafuu, maji ya chumvi, Panadol. Siku ya nne nikaenda. Daktari akanionyesha eksrei: kivuli kidogo kwenye gego moja, shimo kubwa kwa jirani yake, yakitazamana.

"Hapa ndipo uzi hupita. Huwa unatumia?"

Nilitaka kumwambia nimewahi kuandika juu yake.

"Hapana."

Kutibu mzizi na kulivika jino kofia kungekula kodi yangu ya miezi mitatu. Kung'oa, hata nusu ya mwezi mmoja haifiki. Bima sina. Nikasema ang'oe, na lile dogo azibe.

Nilipompigia Mama, alinyamaza kwanza, kisha akauliza ni lipi. Gego la chini, kushoto.

"Langu pia lilianza hapo," akasema. Mama ana mapengo manne.

Siku hizi uzi unakaa juu ya sinki. Nakata kama sentimita 45, nazungushia vidole vya kati, naushusha taratibu, halafu naukunja ukumbatie jino hadi chini kidogo ya ukingo wa fizi. Wiki ya kwanza nilitema damu nikakaribia kuacha. Ya pili ikapungua, kisha ikaisha. Na ndiyo, najua: 2016 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba ushahidi wa tafiti kuhusu uzi ni dhaifu. Niliisoma nikiandika ile makala, ikanifaa kama kisingizio. Lakini jana uzi umenitolea nyama ambayo mswaki uliipita mara mbili, na harufu yake ilinitosha kama utafiti.

Juzi Mama alikuja kunitembelea. Nilimkuta bafuni, miwani imeshuka puani, uzi wangu umemzunguka vidole.

"Na hapa penye pengo," akaniuliza, "mtu anafanyaje?"

Nikanawa mikono, nikamshika kidevu, nikamwonyesha.