Mchu wa Mtongwe na Jina la Ibn Sina

Kutoka Bofu hadi ufuo wa Mtongwe si mwendo wa kumchosha mtu. Tuliteremka baada ya Alasiri, maji yamekupwa, tukasimama penye tope kuutazama mti ambao wengi wetu huupita bila kuujua jina: mchu.

Watu husema "mikoko" wakamaliza. Lakini mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao, na mchu hauna matao. Upande wa nchi kavu, penye chumvi kali, huwa kichaka tu. Upande wa bahari hurefuka ukawa mti kamili. Jani lake juu lang'aa kijani, chini ni la kijivu, na ukilionja utakuta chumvi, kwani mchu huitoa chumvi yake kupitia majani. Maua ni madogo, manjano iliyokoza kukaribia rangi ya chungwa, yenye harufu nzuri, na nyuki huyapenda.

Mchu huu huu umeenea Bahari ya Shamu, Ghuba na Bara Hindi, ukafika hata Australia, ambako huota kusini hadi jimbo la Victoria, penye baridi isiyostahimiliwa na mikoko mingine. Waarabu huuita qurm, na huko Maskati upo mtaa wenye jina hilo. Wataalamu wa mimea nao huuita Avicennia, kwa heshima ya Ibn Sina, tabibu aliyezaliwa karibu na Bukhara na kufariki Hamadan mwaka 1037. Aliyelipitisha jina hilo kitabuni ni Linnaeus wa Uswidi, mwaka 1753. Sisi wenye Ibn Sina, na wenye mchu mlangoni, ndio tusiojua!

Tope la pwani halina hewa. Kwa hivyo mchu huchomoza mizizi midogo wima, mfano wa kalamu zilizochomekwa ardhini, na kwa hiyo hupumua. Ikifukiwa, mti hukosa pumzi ukafa taratibu ungali umesimama. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo hadi Mwache, na mikoko mingi ikafa. Mtongwe hatukungoja mvua: tulikuta kifusi cha ujenzi na mifuko ya taka vimemwagwa juu ya kalamu hizo.

Tumewaomba vijana wa madrasa za Bofu watoke Jumamosi maji yakikupwa, waje na makoleo na magunia. Miche hatuhitaji. Iliyopo ifukuliwe kwanza.