Kibuyu kinachokula nzi na baridi ya London

Kimya kingi, mitihani ilitubana. Leo sina la siasa wala la mapenzi. Nataka niwape habari za mmea wangu, maana kila anayepita chumbani kwangu anauliza kile kidude kinachoning'inia dirishani ni kitu gani.

Ni mmea unaokula wadudu, kitaalamu unaitwa Nepenthes. Ncha ya jani inarefuka kama kamba, halafu mwisho wa kamba kinatokea kibuyu chenye mfuniko na maji ndani. Mdudu anafuata utamu mdomoni, anateleza, anadumbukia, na yale maji yanamyeyusha taratibu. Kwetu Mafia haupo, ila majirani zetu wa Bahari ya Hindi wanao: Madagaska upo, Shelisheli upo. Mfaransa Étienne de Flacourt aliandika habari za ule wa Madagaska tangu mwaka 1658. Wangu ni wa dukani tu, asili yake Ufilipino.

Sasa, kasheshe ni baridi. Kuna mmea mwingine wa vibuyu, Sarracenia, wa Marekani Kaskazini. Huo kipindi cha baridi unalala, na usipolala unadhoofika. Jirani yangu wa ukumbini anao, kauweka nje na wala hana wasiwasi. Wangu ni mtoto wa joto, kulala haujui. Aliponiambia "weka nje na wako, utazoea", nilicheka tu. Hilo "utazoea" nimeambiwa mara ngapi tangu nitoke Kilindoni!

Kufika Desemba, vibuyu vitatu kati ya vitano vilikuwa vimekauka, na majani mapya yanatoka na kamba tupu. Rafiki yangu mmoja akasema una njaa huo, nzi wote wamekufa na baridi, utilie kipande cha kuku. Hapana jamani! Kuku ataoza humo na kibuyu kitaoza naye. Halafu mmea huu unajipikia chakula chake kwa jua, kama mchicha. Wadudu ni mbolea tu, kwa sababu udongo wa kwao ni fukara, hauna naitrojeni ya kutosha. Mwanga ukipungua hautoi vibuyu, hata uuletee nzi wa soko zima la Feri.

Na mwanga wa huku ni wa kuhesabu. Mwishoni mwa Desemba mchana haufiki hata masaa 8, wakati Mafia ni karibu masaa 12 mwaka mzima. Juu ya hapo hita inakausha hewa mpaka midomo inapasuka. Basi nikafanya mambo manne. Taa ya LED, masaa 12 kwa siku. Mmea ukae mbali na hita. Chini yake sinia la kokoto na maji, chungu kikae juu ya kokoto, kisiogelee. Na kumwagilia ni maji ya mvua tu, kwa sababu ya bomba hapa London yana chokaa nyingi (chungulia ndani ya birika lako la umeme utaiona). Nakinga kwa ndoo, kama bibi anavyokinga mvua za masika kwenye pipa.

Bibi akipiga simu swali la kwanza ni "umekula, mjukuu wangu?" Nakula bibi, wali upo. Lakini Desemba ile nilikuwa nakula vizuri na bado kuamka ni kazi, mwili mzito, hata kuongea na watu sitaki. Ile taa ilikuwa mezani kwa ajili ya mmea, nami nikawa nasomea hapo hapo asubuhi. Sisemi ni dawa. Nasema nilianza kuamka.

Wiki iliyopita kamba moja imevimba nchani, saizi ya punje ya mpunga. Kibuyu hicho kinakuja!

Kwa mnaojiandaa kuja huku Septemba: nyumbani watawauliza mtakula nini na mna hela kiasi gani. Sawa, wajibuni. Ila na nyie ulizeni chumba mlichopewa dirisha lake linaangalia wapi.

Haya, asaimenti inaningoja. Wasalaam.